Mafuta ya petroli na mazingira: toka kisimani, barabarani, hadi kwenye bomba la moshi

Karibu kila gunia la mahindi, kila bunda la mitumba na kila kontena la vigae linalovuka mipaka ya Afrika Mashariki na Kati hubebwa kwa nguvu ya dizeli. Dizeli yenyewe nayo ni mzigo. Sehemu kubwa hushushwa melini Mombasa na Dar es Salaam, kisha husafiri kwa bomba, reli na malori hadi Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu, Lubumbashi na Juba. Njia yote hiyo ina mahali ambapo mafuta huvuja, humwagika, huungua au hupanda angani kama moshi.

Makala hii inaeleza yanayotokea katika kila hatua, na kwa nini yanamhusu mfanyabiashara na msafirishaji moja kwa moja: afya yake, injini yake, leseni yake, na wakati mwingine maisha ya dereva wake.

Kisimani

Mafuta ghafi hayatoki ardhini peke yake. Hutoka pamoja na gesi na maji ya chumvi yenye mabaki ya mafuta na madini. Gesi isiyo na mnunuzi huchomwa kwenye mnara, na miale yake huonekana usiku kutoka mbali. Kuichoma kunatoa hewa ya kaboni na masizi. Kuiachia bila kuichoma ni kubaya zaidi, kwa sababu methani hunasa joto mara nyingi kuliko kaboni. Maji machafu ya kisimani yanatakiwa kusafishwa au kurudishwa chini ya ardhi. Yakiachwa kwenye mabwawa ya wazi, mvua kubwa ikinyesha hufurika na kuingia mashambani na malishoni.

Sudan Kusini ni mfano ulio karibu. Wakazi wa maeneo ya visima, hasa majimbo ya Unity na Upper Nile, wamelalamika kwa miaka mingi juu ya maji machafu ya visima na mabwawa yasiyotunzwa, na mafuriko ya miaka ya karibuni yameongeza hofu hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba nchi hiyo husafirisha mafuta ghafi kwa bomba kupitia Sudan hadi Bahari ya Shamu, huku dizeli na petroli ya Juba ikiletwa kwa malori kutoka pwani ya Kenya kupitia Uganda na mpaka wa Nimule. Uchafu wa uzalishaji unabaki kaskazini mwa nchi, na hatari ya usafirishaji inabaki barabarani kusini.

Anayetaka kujua uchimbaji usiosimamiwa unaweza kufika wapi asome habari za Ogoni, nchini Nigeria. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ya Agosti 2011 ilisema kuisafisha ardhi ile kikamilifu kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Katika kijiji kimoja watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa kiwango cha zaidi ya mara 900 ya kile kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Chanzo kilikuwa bomba lililopita jirani.

Kwetu, visima vikubwa ni vya Uganda. Mafuta yaligunduliwa rasmi mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert. Mradi wa Tilenga una visima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, na mradi wa Kingfisher uko ukingoni mwa ziwa lenyewe. Ziwa Albert ni la Uganda na Kongo kwa pamoja, na samaki wake huuzwa pande zote mbili. Mafuta yakimwagika upande mmoja hayasimami forodhani. Samaki aliyeishi kwenye maji yenye mafuta hunuka mafuta hata akikaangwa, na mnunuzi wa Bunia au Hoima akishasikia harufu hiyo mara moja, soko la msimu mzima linaweza kwenda.

Nchini Kenya mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012. Kuanzia 2018 mafuta ghafi yalibebwa kwa malori, katika matangi yaliyofunikwa yasipoteze joto, hadi Mombasa, na Agosti 2019 zaidi ya mapipa 200,000 yakauzwa nje. (Pipa moja ni lita 159.) Majaribio hayo yalisimamishwa mwaka 2020. Malalamiko ya wafugaji yalikuwa juu ya ajira na usalama, na pia maji na malisho, kwani katika nchi kavu kisima kimoja kikiharibika mifugo haina pa kwenda.

Bombani na baharini

Bomba ni salama kuliko lori kwa kila lita inayosafirishwa. Hilo wataalamu wengi wanakubaliana. Tatizo la bomba ni kwamba likivuja linaweza kuvuja chini kwa chini kwa muda mrefu kabla mtu hajajua.

Ndivyo ilivyokuwa Thange, kaunti ya Makueni, mwaka 2015, pale bomba la zamani la Mombasa hadi Nairobi lilipovuja na mafuta kuingia kwenye mto. Wakulima wa hapo walikuwa wakimwagilia mboga na matunda kwa maji ya mto huo na kuuza mazao yao sokoni. Baada ya uvujaji maji hayakufaa kwa kunywa wala kwa kilimo, visima vikafungwa, na wateja wakakimbia hata mazao ya mashamba yasiyoguswa. Kesi ilikwenda miaka mingi, na mwaka 2025 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Miaka kumi kati ya uvujaji na hukumu ni mirefu sana kwa mtu anayeishi kwa kuuza nyanya.

Bomba jipya la mafuta ghafi, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga. Kilomita 296 ziko Uganda na 1,147 Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na katika joto la kawaida huganda, hivyo bomba lote linapaswa kupashwa moto hadi nyuzi 50 na zaidi ili yatiririke. Linapita ndani ya bonde la Ziwa Victoria, ambalo mamilioni ya watu wa Tanzania, Uganda na Kenya hulitegemea kwa maji na samaki. Wanaoupinga mradi wanataja ziwa hilo, wanyamapori, watu waliohamishwa na hewa chafu itakayotokana na mafuta yenyewe yatakapochomwa na wanunuzi. Wanaouunga mkono wanataja kodi, ajira na bandari. Msomaji atapima mwenyewe, lakini ajue kwamba mkuza wa bomba una sheria zake: kujenga, kuchimba mtaro au kuegesha malori mazito juu yake ni kosa, na kifusi kilichotupwa juu ya bomba kinaweza kuficha uvujaji.

Kwa upande wa bahari, Mombasa imeshaonja. Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilijigonga kwenye gati ikiwa na mafuta ghafi, na tani zipatazo 200 zikamwagika. Yalisambaa hadi kwenye mikoko ya hori ya Port Reitz. Mkoko hupumua kwa mizizi inayotokeza juu ya tope. Mafuta yakiipaka, mti hufa taratibu, na kamba na vifaranga vya samaki waliojificha humo hupotea nao. Pwani ya Tanga, ambako bomba jipya linaishia, kuna mikoko pia na hifadhi ya bahari ya silikanti. Mfano wa karibuni zaidi ni Mauritius, Julai 2020: Wakashio haikuwa hata meli ya mafuta, ila mafuta ya injini yake tu, tani kama 1,000, yalichafua ghuba nzima baada ya kupanda mwamba.

Aidha, mafuta sasa yanavuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka gati ya Kisumu kwenda Uganda. Kunapunguza malori barabarani, na hilo ni zuri, lakini ziwa halina mikondo mikubwa ya kusukuma uchafu nje kama bahari.

Barabarani

Hapa ndipo wasomaji wetu wengi walipo, na hapa ndipo watu wengi zaidi wamekufa.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikuja na madumu kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 2 Julai 2010 lori lililotoka Tanzania lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini, njia ya Uvira kwenda Bukavu. Mafuta yalitiririka kati ya nyumba; wengine walikuwa wakichota, wengine walikuwa vibandani wakitazama Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 waliteketea. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kituo cha bomba jijini Nairobi na kuingia kwenye mtaro wa mtaa wa Sinai, na zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Msamvu, Morogoro, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam: lori lilipinduka, watu wakachota, zaidi ya 100 wakafa.

Ni rahisi kusema watu hao walikuwa wajinga. Anayesema hivyo hajalinganisha bei ya dumu la lita 20 na ujira wa kibarua wa siku moja. Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: petroli yenyewe siyo inayowaka kwanza, ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauonekani, na hutambaa chini kufuata bonde na mtaro kwa mita nyingi kutoka kwenye lori. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko ya juu ya Mlima Kenya. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mbali na tangi, hajagusa chochote, na akawasha pikipiki au jiko la mkaa katikati ya mvuke. Dizeli haina tabia hiyo kwa kiasi hicho, ila kwenye tangi lililobeba vyumba vya petroli na dizeli pamoja hakuna wa kutofautisha pale chini.

Moto ukizimika, au usipowaka kabisa, uharibifu mwingine huanza. Petroli nyingi hupaa angani siku chache. Dizeli hubaki ardhini kwa miezi na miaka, na oili ya injini zaidi ya hapo. Udongo uliolowa mafuta hauingizi hewa, vijidudu vinavyourutubisha hufa, na mbegu hazioti. Mafuta hushuka polepole mpaka yakutane na maji ya ardhini, na kwa kuwa ni mepesi huelea juu yake na kusafiri nayo kuelekea visimani. Ndiyo maana kijiji kilicho chini ya mteremko kinaweza kuanza kulalamika maji yananuka miezi kadhaa baada ya lori kuondolewa na kila mtu kusahau.

Dereva afanye nini mafuta yakimwagika? Azime injini na betri, awatoe watu upande ambao upepo unatokea, aweke alama mbali pande zote mbili za barabara, apige simu polisi na zimamoto, na ampigie mwenye mzigo. Kama anaweza bila kuhatarisha maisha, azibe njia ya mafuta kwa tuta la udongo au mchanga kabla hayajafika mtaroni. Kosa linalofanywa mara nyingi, hata na watu wazoefu, ni kuosha barabara kwa maji. Barabara inakuwa safi, mto unakuwa mchafu. Mafuta yamwagiwe mchanga au pumba za mbao, na mchanga huo ukusanywe na kukabidhiwa kwa anayeruhusiwa kuuteketeza. Usitupwe korongoni.

Matangi yaliyofuata taratibu za kimataifa hubeba kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Ile ya chini ndiyo jina la mzigo: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Ya juu huonyesha hatari, 33 kwa kimiminika kinachowaka upesi sana na 30 kwa kinachowaka. Zimamoto huzisoma kwa mbali kabla ya kuamua watakavyokaribia. Kibao cha mzigo wa juzi kikiachwa kwenye tangi la leo kinaweza kuwaua.

Sheli, gereji na madumu

Tangi la chini ya ardhi la kituo cha mafuta, au sheli kama tulivyozoea kusema, hupata kutu kama chuma kingine chochote. Tundu la ukubwa wa kichwa cha sindano halionekani, ila kwenye hesabu litaonekana: lita zilizoingia hazilingani na zilizouzwa, na mwenye kituo humlaumu mfanyakazi wa pampu. Kabla ya kumfukuza, apime tangi kwa kijiti asubuhi na jioni kwa siku kadhaa bila kuuza. Kama mafuta yanapungua usiku, mwizi ni ardhi.

Mipakani kuna sheli za aina nyingine, yaani chupa na madumu mezani kando ya njia. Goma na Bukavu wauzaji hao huitwa kadhafi. Wapo kwa sababu ya tofauti ya bei na kodi kati ya nchi na nchi, na wataendelea kuwepo maadamu tofauti hiyo ipo. Kinachoachwa chini ni matone ya kila siku kwenye udongo ule ule, mara nyingi hatua chache toka bombani panapochotwa maji, na madumu yanayohifadhiwa ndani ya nyumba wanakolala watoto.

Gereji nazo zina oili chafu. Lori moja kubwa hutoa lita 30 hadi 40 kila linapobadilishwa oili. Inakadiriwa kwamba lita moja ya oili chafu inaweza kuharibu hadi lita milioni moja za maji, maana inatandaa nyembamba sana. Ndani yake kuna vipande vya metali kutoka kwenye injini na kemikali zinazotokana na kuungua. Kwetu hupakwa mbao zisiliwe na mchwa, humwagwa barabarani kutuliza vumbi, hutumika kuchanganyia dawa za kienyeji za vidonda vya mifugo. Matumizi ya mwisho hayo ni sumu kwa mnyama na kwa anayekunywa maziwa yake. Oili chafu ina wanunuzi halali katika miji mikubwa: viwanda vya saruji na matanuru huichoma kwa joto kali, na wengine huisafisha tena. Anayeimwaga anamwaga pesa.

Moshi

Kuna habari njema hapa, na inafaa isemwe. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi hudumaza akili za watoto, na ilitoka kwenye kila bomba la moshi. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 karibu zote zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Hatua ya pili ilikuwa salfa. Dizeli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi, na salfa ikiungua hutoa hewa inayochoma mapafu, huchangia chembe ndogo za moshi, na huharibu vichujio vya injini za kisasa. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilizokuwemo wakati huo zilianza kutumia kiwango cha sehemu 50 za salfa kwa kila milioni ya dizeli. Mtambo wa kusafishia mafuta wa Changamwe, ambao ulikuwa wa zamani, ulikwishaacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo mafuta huja yakiwa yamesafishwa tayari. Kwa kulinganisha, kiwango kipya cha meli za baharini kilichoanza Januari 2020 ni asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa milioni. Meli iliyoleta kontena lako inaruhusiwa salfa mara 100 kuliko lori lililolichukua bandarini.

Hata hivyo, dizeli safi haitoshi kama injini ni mbovu. Moshi mweusi maana yake ni mafuta ambayo hayakuungua: injekta zimechoka, kichujio cha hewa kimeziba, au mzigo umezidi. Ni mafuta uliyoyalipia yanayopotea hewani. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni madereva, matingo, mama lishe wa maegesho, wabadilisha fedha na maofisa wa mpakani.

Foleni huzidisha. Lori linalounguruma bila kwenda hutumia kama lita 2 hadi 3 kwa saa. Januari 2022 msururu wa malori upande wa Kenya wa mpaka wa Malaba ulifika makumi ya kilomita kwa sababu ya mgogoro wa vipimo vya korona, na mafuta yakaadimika Uganda hadi bei ikapanda vibaya. Kila lori lililowasha injini kusogea mita kumi, likasimama tena, lilichoma dizeli kwa kazi ya bure. Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa kwa ajili ya biashara, lakini kila saa inayookolewa pale ni dizeli isiyochomwa.

Halafu kuna uchakachuaji. Mafuta ya taa yakiwa na kodi ndogo kuliko dizeli, kuna watu watayachanganya. Injini hupoteza ulainisho, pampu na injekta huliwa, moshi huwa mwingi. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa tamaa hiyo, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Bei ya mchanganyaji iliharibika, lakini pia wengi wanaopikia mafuta ya taa waliumia, na baadhi yao wakarudi kwenye mkaa na kuni. Tanzania, Uganda na Kenya pia hutia vinasaba kwenye mafuta ili mkaguzi ajue kama yamechakachuliwa au kama ni mzigo wa kwenda nje uliouzwa ndani bila kodi. Msafirishaji anayenunua mafuta ya bei ya chini ya kawaida kwenye uchochoro akumbuke kwamba risiti ndiyo ushahidi wake pekee injini ikifa njiani.

Hesabu ya kaboni

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni, na ya petroli kama kilo 2.3. Wengine hushangaa, maana lita ya dizeli yenyewe haifiki kilo moja. Sababu ni kwamba kaboni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni huongezeka juu.

Tuchukue lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala, kama kilomita 1,170, likila lita 45 kwa kila kilomita 100. Litatumia lita 525 hivi, na kuacha angani tani 1.4 kwa safari ya kwenda tu. Likirudi tupu linaongeza bila kubeba kitu. Kwa hiyo mzigo wa kurudi, upepo sahihi wa matairi, na mwendo usiozidi ni faida ya mfuko na ya hewa pamoja. Reli kwa kawaida hutumia mafuta machache zaidi kwa kila tani, na reli ya kisasa ya Tanzania iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inaendeshwa kwa umeme.

Nchi zetu zimechangia kidogo sana kwenye hewa hiyo ukilinganisha na nchi tajiri, lakini hasara tunaiona. Mvua za mwisho wa 2023 zilizokata barabara na madaraja Kenya, Somalia na Ethiopia, wanasayansi walikadiria kwamba ongezeko la joto lilizifanya kuwa kubwa hadi mara mbili. Ziwa Tanganyika limepanda na kuifunika mara kwa mara sehemu ya Gatumba, kwenye njia ya Bujumbura na Uvira, na wafanyabiashara wa njia hiyo wanajua gharama ya kuvusha mizigo kwa mitumbwi.

Mifuko na magari

Plastiki nayo ni mafuta na gesi. Mfanyabiashara anayevuka mipaka anapaswa kujua kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Nchini Kenya faini hufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne kwa watengenezaji na waagizaji. Mpakani mwa Rwanda mizigo hufunguliwa, na bidhaa zilizofungwa kwa mifuko hiyo huweza kuzuiwa hata kama bidhaa yenyewe ni halali. Funga kwa magunia, makaratasi au vikapu kabla ya kufika.

Kwa magari yaliyotumika, Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8 tangu yatengenezwe, na Uganda tangu 2018 imeweka miaka 15. Sababu mojawapo iliyotajwa ni moshi.

Karatasi za kuwa nazo

Kufungua kituo cha mafuta, depo au gereji kubwa kunahitaji kibali cha mazingira pamoja na leseni ya nishati. Kenya inafuata sheria ya mazingira ya 1999 iliyofanyiwa marekebisho, Tanzania ile ya 2004, na Uganda ile ya 2019. Zote zinasema aliyechafua ndiye anayelipa gharama za kusafisha, na kibali cha nchi moja hakitambuliwi nchi nyingine. Kwa hiyo mkataba wa usafirishaji useme wazi ni nani atakayelipia usafi mzigo ukimwagika: mwenye mafuta, mwenye lori au bima. Bima nyingi za kawaida za gari hulipa gari na majeruhi, lakini zinanyamaza kuhusu udongo na mto. Muulize wakala wako kabla tangi halijajazwa, na jibu lake liwe kwenye maandishi.